Mboga Yangu

Kisa!

Kije!

Kikija?

Kikae nasi!

Basi kimekuja, sogeeni. Wewe Elinipa, acha kuukunjia uso mchunga wangu eti ni mboga chungu. Bakuli hilo haliendi popote mpaka nimalize. Leo ni Alhamisi Kuu, na katika nyumba hii siku hii tunakula mchunga, wala si kwa sababu tumekosa kabichi. Kisa hiki alikuwa akikisimulia babu yenu. Mwaka huu mtavumilia sauti yangu, mimi bibi yenu.

Kale, kale ile ambayo hata bibi yake bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na kijiji cha Wayahudi kwenye vilima vya mawe, mbali na Yerusalemu. Humo aliishi mwashi mmoja, Yoashi, na mkewe Naara, na binti yao wa pekee, Tirza. Miaka mitano, mdomo kama cherehani.

Sasa, Wayahudi kila mwaka hula Pasaka, kukumbuka walivyotolewa utumwani Misri. Si chakula cha kujaza tumbo, nawaambia mapema. Mkate hautiwi chachu, kwa sababu siku ile ya kutoka hawakupata nafasi ya kungoja unga uumuke. Maji ya chumvi ni machozi yao. Mboga chungu ni utumwa wenyewe. Na baba mwenye nyumba hasimulii mpaka mtoto mdogo aulize. Mtoto akiuliza, baba hujibu.

Mwaka ule Tirza aliuliza kwa mara ya kwanza. Mama yake alimfundisha wiki nzima: "Mbona leo tunakula mboga chungu?" Zamu yake ilipofika akasimama, mboga kiganjani, akavuta pumzi, akasema kwa sauti kubwa:

"Baba, mbona leo tunakula mboga yangu?"

"Mboga ya nani?"

"Yangu!"

Walicheka, walicheka, walicheka mpaka Yoashi akamwaga divai.

Cheka na wewe, Nakiete, cheka sasa hivi. Maana kabla ya mavuno homa ilimchukua Tirza. Siku tatu tu. Baba yake alimchimbia kaburi kwa mikono yake, na tangu siku hiyo nyumba ikanyamaza. Naara akimwita mumewe "Baba Tirza", anajibiwa, "Usiniite hivyo." Akimwita tena, mwanamume anatoka nje. Mwishowe Naara akaacha kumwita.

Mwaka ukazunguka, Pasaka ikarudi. Na sheria yao ni hii: kabla ya siku hiyo chachu yote itoke nyumbani, hata chembe, na itakayopatikana ichomwe moto. Naara akafagia, akafagia, akafika kwenye ufa wa ukuta, pale alipokuwa akilala Tirza. Akachokoa kwa kijiti. Kikatoka kipande cha mkate, kikavu, kina alama za meno madogo. Mtoto yule alikuwa na tabia ya kuficha mkate ili ale baadaye. Jamani, wanangu, jamani.

"Nipe," Yoashi akasema.

"Siwezi. Hiki ndicho kilichobaki cha mwanangu."

"Kina chachu, Naara. Sheria ni sheria."

"Una moyo wa jiwe, mwashi wewe!"

Akakichukua, akaenda nacho uani penye moto. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa ameuficha mkono ndani ya kanzu, lakini Naara hakumtazama.

Jua lilipozama wakakaa mezani, wawili. Mkate upo, mboga ipo, maji ya chumvi yapo. Wa kuuliza hayupo.

"Tule tu tukalale," Yoashi akasema. "Hakuna wa kuuliza, basi hakuna cha kusimulia."

Akachukua jani, akalichovya kwenye maji ya chumvi. Vidole vilipogusa maji akashtuka, akauma meno. Naara akamshika mkono, akaugeuza. Vidole vilikuwa vimebabuka, malengelenge matupu.

"Umefanya nini?"

Yoashi akajaribu kuuvuta mkono, Naara hakuuachia.

"Yoashi, nakuuliza, umefanya nini?"

"Nilikiingiza motoni," akasema, "vidole vikakataa kukiachia."

Halafu akalia. Alilia kilio cha mwaka mzima, na Naara akalia naye, tena kwa aibu, maana mtu aliyekuwa akiungua alikuwa amemwambia ana moyo wa jiwe. Walipotulia, mama yule akachukua mboga, akaishika kwenye kiganja kama alivyoishika mwanawe, akavuta pumzi.

"Baba Tirza," akasema, "mbona leo tunakula mboga yangu?"

Naye hakusema usiniite hivyo. Alisema, "Kwa sababu tulikuwa watumwa wa Farao, kule Misri," akasimulia yote, mpaka baharini, mpaka ng'ambo. Kisha wakala. Ilikuwa chungu, wakaimeza.

Mnaelewa, wanangu? Ni meza hiyohiyo aliyoketi Bwana Yesu kabla ya mateso, akaumega mkate akasema, "Huu ndio mwili wangu." Wangu. Mchungaji akilitamka neno hilo, mimi humkumbuka yule mtoto na mboga yake. Chakula cha meza ile kinabeba yale ambayo mdomo umeshindwa kuyasema, na uchungu wa wenzetu tunaula pamoja ili asiumeze mtu peke yake. Ndilo funzo, sina jingine.

Kisa kilikuja, kikakaa, kimekwenda zake. Mlichobaki nacho ni hiki bakulini.

Msikitazame kiti kitupu cha babu yenu. Nami nakiona. Haya, Nakiete, wewe ndiye mdogo wa nyumba hii. Simama, vuta pumzi, uliza.

Mwaka huu nitajibu mimi.