Kengele ya Maandazi ya Nyangumi

Mnataka hadithi, na sufuria niliyowaambia muisugue bado ina ukoko. Haya. Nikimaliza mtanijibu, halafu mtasugua.

Hapo zamani Wamarekani, wale waliowaletea bibi zetu kitambaa cha merikani, walizunguka bahari zote kuwinda nyangumi. Si kwa nyama. Walitaka mafuta yake ya kuwashia taa. Mtu anasafiri miaka mitatu ili mwingine asijikwae chumbani kwake.

Merikebu moja ilikuwa imejaza mapipa mia tisa na tisini ya mafuta hayo. Nahodha wake, Obedia, alikuwa ameapa: pipa la elfu likijaa, tunarudi kwetu. Na desturi yao, pipa la elfu likifika, mpishi hukaanga maandazi ndani ya mafuta ya nyangumi. Msikunje nyuso, nyinyi mnaotafuna miguu ya kuku.

Naftali, mpiga chusa, ule mkuki wa kunasa wenye kamba, ndiye aliyeingoja siku hiyo kuliko wote. Alimwacha mkewe mjamzito. Mtoto sasa anafukuza kuku uani, na baba hajamwona.

Basi nyangumi akatokea. Mashua ikashushwa. Naftali akasimama mbele, akarusha chusa, kikazama. Kamba ikaanza kukimbia. Sasa sikilizeni ujinga wa wenye vyeo. Aliyechoma lazima ahamie nyuma, akaizungushe kamba kwenye kigingi isikimbie yote. Na mkubwa wa mashua atoke nyuma aje mbele, amalize yeye kwa mkuki, apate sifa. Mkubwa huyo aliitwa Tobia, tumbo kama gunia la chumvi. Wakakutana katikati.

Hapo hapo kengele ikalia merikebuni. Mpishi Silvano aliona chusa kikizama, akatia maandazi chunguni, akaita walaji.

Tobia akasimama. "Hayo ni maandazi?"

"Nipishe, bwana mkubwa. Kamba."

"Nakuuliza, ni maandazi?"

Naftali naye akageuza shingo. Mara moja tu. Kamba ikaisha, ikatumbukia majini, nyangumi akaenda nayo.

Nahodha akawaita wote watatu.

Naftali akasema, "Mimi nilichoma. Njia ilizibwa na tumbo la mtu."

Tobia akasema, "Mimi nilifuata desturi. Kengele ndiyo iliyonisimamisha."

Silvano akasema, "Wewe mwenyewe, nahodha, uliniambia: chusa kikizama, kaanga. Nikaange kimya kama mwizi?"

Nahodha alikuwa na andazi la sita mdomoni, na aliyeshiba hajihukumu. Akamtia hatiani mpishi. Kengele ikafungwa shingoni mwa Silvano kama mbuzi, akapandishwa mlingotini kutafuta nyangumi, kila siku kutwa, jua na mvua, miezi minane mpaka pipa la elfu likajaa.

Naftali alipofika kwao, mtoto alimwamkia, akamwita mjomba.

Haya, wenye sufuria chafu: kengele ile ilistahili shingo ya nani?