Maneno Yaliyofichwa Chini ya Mvua

Ndugu zangu, kaeni kidogo, msikimbilie viatu. Leo nimewachelewesha swala ya Alasiri, na nyuso zenu naziona. Sababu nitaisema, lakini kwanza sikilizeni.

Kulikuwa na baba mmoja mwenye wasiwasi wa udhu. Si uzembe jamani, ni maradhi. Akiosha kiwiko anajiuliza, je, maji yamefika? Anaosha tena. Mara tisa, mara kumi na moja, mpaka ngozi inachanika, na huko ndani wenzake wameshatoa salamu. Na waliopanga foleni nyuma yake pale bombani walifanya nini? Walicheka. "Mzee, utatumalizia tangi!"

Binti yake akachumbiwa. Baba ndiye walii, yeye ndiye wa kutamka maneno ya kuozesha. Hofu ikamkaba: siku hiyo atawahi kweli? Shemeji yake akamtilia rekodi kwenye simu. Ukiisikiliza ni mvua tu, inanyesha juu ya mabati. Lakini chini ya mvua, ati, kumefichwa maneno ya kutuliza moyo, ya chini mno, sikio haliyapati, akili ndiyo inayoyanyonya. Dakika arobaini kila siku. Na wiki ya kwanza, kweli, alipumua.

Wiki ya pili akapiga chafya katikati. Je, si neno moja limempita? Akaanza upya. Pikipiki ikapita nje, akaanza upya. Unaona, ndugu yangu? Wasiwasi haukuondoka. Ulihama tu, ukatoka bombani ukaingia sikioni.

Siku ya nikahi wanaume wameketi mkekani, sheikh yuko tayari, bwana harusi jasho linamtoka. Mwenye kuozesha hayupo. Binti, hina mikononi, akamfuata chumbani.

"Baba, unangojwa wewe tu."

"Vumilia mama, nimekohoa hapa kwenye dakika ya thelathini. Kuna neno nimelikosa. Naanza mara ya mwisho."

"Si ulisema maneno yenyewe hayasikiki?"

"Hayasikiki, ndiyo."

"Sasa umejuaje kwamba umelikosa?"

Baba akaiweka simu chini. Machozi yakamtoka. "Naogopa, mwanangu. Nikikosea kutamka, si nitakuharibia ndoa yako?"

"Njoo hivyo hivyo na woga wako, baba. Mimi nataka kuisikia sauti yako."

Akatoka, akaketi mkekani. Akatamka, mara moja. Akafungua kinywa arudie, sheikh akamwekea mkono gotini. "Imetosha, mzee."

Sisi je? Wangapi tunangoja moyo utulie kwanza, ndipo tufanye lililo wajibu wetu? Utangoja mpaka lini? Inuka na woga wako. Na kama umekuzidi, nenda kwa daktari, usione haya. Dua na matibabu havigombani. Nawe unayesimama nyuma ya mgonjwa kama huyu, neno moja la upole lingekugharimu nini?

Sasa ile sababu. Leo nimechelewa kwa kuwa nilikuwa bombani. Kiwiko hiki hapa, mara ya saba. Mlikuwa nyuma yangu, na niliwasikia mkicheka.