Samaki wa Bi Thureya na Chakula cha Paka

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, kwani umeme ulikuwapo na simu zilikuwapo, wake watatu wa ndugu watatu waliishi katika nyumba ya mama mkwe wao, Bi Thureya. Wa kwanza aliitwa Mwanakheri, naye alifuga paka. Wa pili aliitwa Zulfa, naye alifuga kasuku. Wa tatu aliitwa Raya, naye alifuga sungura. Bi Thureya mwenyewe alifuga samaki mmoja wa rangi ya chungwa, ndani ya tangi la kioo sebuleni, na mapenzi aliyompa samaki yule hata wanawe wa kuwazaa hawakuyaonja. Msinicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Nyumba ile ilikuwa na chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani, kimefungwa miaka mingi. Kila mmoja alikitaka, lakini Mwanakheri alikitaka mpaka akawa anakiota. Alikuwa akichoma vitumbua uani, pasipo paa. Mvua ikinyesha moto unazimika, unga unaharibika, na wateja wanakwenda zao kwa wengine.

Siku moja binti wa Bi Thureya, aliyeolewa mji mwingine, akakaribia kujifungua. Mama akafunga safari kwenda kumlea mzazi mpaka atoke arobaini. Kabla ya kuondoka aliwaita wakaza wanawe, akawaonyesha ufunguo wa chumba cha mbele.

“Wanangu, mwenye wiki ya jiko ndiye mwenye kumlisha samaki wangu. Chakula chake ni hiki koponi, na kidogo kidogo, msimvimbishe. Nikirudi nikamkuta mzima, aliyemweka hai nitampa ufunguo huu.”

“Tumesikia, mama,” wakaitika wote.

Basi mtoto akachelewa kuzaliwa, bibi naye akachelewa kurudi, na wiki za jiko zikawa zinazunguka. Zamu ilipomrudia Mwanakheri, alifungua kopo akakuta vumbi tupu. Na aliyelimaliza ni nani? Ni yeye! Kila zamu yake alikuwa akimtilia samaki kwa mkono mzima, ati mkwe akirudi amkute amenona. Na chakula chenyewe kiliagizwa kutoka jiji la mbali, madukani pale hakipatikani.

Mwanakheri akashikwa na hofu. Akiwaambia wenzake, watamsema. Akimpigia mama simu, chumba kimekwenda. Akachukua chakula cha paka wake, vile vidonge vikavu vinavyonuka dagaa, akavitwanga kinuni, akavichekecha kwa chekecheke lake la unga wa vitumbua, akajaza kopo. Ukilitazama huoni tofauti. Akamtilia samaki, na samaki akala. Akala kweli kweli! Mwanakheri akashusha pumzi, wiki yake ikaisha, akamkabidhi Zulfa kopo bila neno.

Ikaja wiki ya Zulfa. Zulfa akakuta maji mazito, juu yametanda mafuta, na samaki anahema mdomo nje. Akanusa kopo, akajua ni cha paka. Hakusema, asije akamwaibisha mkubwa wake. Alimhamishia samaki kwenye beseni, akamwaga maji machafu, akasugua tangi, akatia maji safi aliyoyaacha yakalala mtungini. Unga wa koponi akautupa. Tangu hapo hakumpa samaki kitu, akihofia chakula kisicho chake kitamdhuru tena. Punje za kasuku alikuwa nazo tele, na kila asubuhi samaki alimjia kiooni akifungua kinywa, lakini Zulfa aligeuza uso. Wiki yake ikaisha, akamkabidhi Raya kopo bila neno.

Ikaja wiki ya Raya. Raya akamkuta samaki amejikunyata pembeni, tumbo limeingia ndani, na kopo halina kitu. Hakumwuliza mtu. Alikwenda bandani akachota chakula cha sungura, kile cha majani makavu yaliyoshindiliwa, akakiroweka, akakivuruga kwa vidole, akamtilia chembe. Samaki akatema. Akamtilia nyingine. Akatema. Akamtilia nyingine tena, akameza. Kesho yake aliitafuta mwenyewe.

Bi Thureya akarudi. Mwanakheri hakujua habari za Zulfa wala za Raya. Alijua yake tu, na kwa hofu hakuwa amekanyaga sebuleni tangu zamu yake iishe. Aliposikia mkwe anavua viatu mlangoni, aliinuka akaenda kumpokea. Akamfuata ndani, akijua anakwenda kuonyeshwa maiti.

Samaki alikuwa anaogelea! Huku anakwenda, huku anarudi, mkia unapepea.

Mwanakheri akakaa sakafuni, akalia kwa furaha. “Alhamdulillahi! Mzima, jamani, mzima!”

“Kulikoni, mwanangu?” akauliza Bi Thureya. “Unamlilia samaki aliye hai?”

Angeweza kunyamaza, lakini furaha ilimfungua kinywa. “Nisamehe, mama. Kopo nililimaliza mimi, nikamlisha chakula cha paka. Nimekosa. Lakini ningekunja mikono, Zulfa angemkuta anaelea.”

“Dada, nakuheshimu,” akasema Zulfa, “lakini tonge lako ndilo lililoozesha maji yake. Nimeyatoa mimi. Na kumnyima anayekuomba kila siku, kwa kumtakia uzima, mwaona ni kazi nyepesi?”

“Ungemnyima kidogo tena tungemzika,” akasema Raya. “Aliyemrudishia roho ni mie.”

“Ulibahatisha! Kama majani yale yangemuua?” akadakia Zulfa.

“Yangemuua ningesema. Nyinyi mlijua, mkanipa kopo kimya kimya.”

“Na leo, aliyesema wa kwanza nani?” akauliza Mwanakheri, machozi hayajamkauka.

Bi Thureya akawatazama, akamtazama samaki wake, akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. “Wakaza wana wangu! Namshukuru Mungu nimemkuta yeye, na nimewakuta nyinyi.” Halafu kicheko kikamwisha, maana ahadi ilikuwa ahadi, na wote watatu walikuwa wamenyoosha mikono.

Basi, enyi mnaonisikiliza, chumba ni kimoja, na mie sitawasaidia. Yuko aliyelisha vibaya, akaficha, kisha akasema kweli. Yuko aliyesafisha akamshindisha na njaa, akanyamaza. Na yuko aliyebahatisha, akapatia. Je, ungekuwa wewe Bi Thureya, ufunguo ungeuweka katika mkono wa nani, na wale wengine wawili ungewatazamaje usoni?