Mbuzi Wangu na Majani ya Mwadime

Jani la barabarani si la mbuzi. Mama yenu amewaambia hivyo asubuhi hii, mlipong'oa vijiti vyake shambani mkidhani ni kuni, nanyi, wajukuu zangu, mkacheka. Methali hii ilianza hivi, na msinisahihishe, kwa sababu mbuzi alikuwa wangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Barabara yetu ya kupanda Wundanyi ilikuwa nyembamba, yenye kona nyingi kuliko meno niliyobaki nayo. Magari yalikuwa machache, tukiyajua yote kwa honi. Lori la Mwadime liliitwa Subira. Lilikuwa la kijani, likinuka kabichi, na Mwadime alipiga honi mara mbili mbele ya kila nyumba alimowahi kunywa chai. Siku hizi magari ni mengi na hayamsalimu mtu.

Basi zamani, lori likiharibika, dereva alikata matawi akayatandaza barabarani, mbali kidogo na gari, ili anayekuja apunguze mwendo. Alama hiyo kila mtu aliijua. Lakini madereva walikuwa na tabia moja mbaya. Wakishamaliza kutengeneza, waliwasha gari wakaenda zao, majani wakayaacha palepale. Sisi wenye mbuzi tukayaokota, na hakuna aliyetuita wezi.

Asubuhi moja ukungu ulishuka mpaka milangoni. Mbuzi wangu alikuwa amezaa mapacha, na njia ya bondeni nilikokata majani ilikuwa inateleza. Nikapanda barabarani. Karibu na kona nikaona matawi mabichi yametandazwa, yamelowa umande. Sikusikia injini wala sikuona gari, nikadhani mwenyewe ameshaondoka. Nikayafunga mzigo, nikajitwisha, nikarudi nyumbani nikiimba. Hatua thelathini tu zingenivusha kona ile, nami ningemwona Mwadime amelala chini ya Subira akihangaika na spana.

Mbuzi hakuwa amemaliza kula niliposikia kishindo.

Alikuwa Mwalimu Righa, amepanda pikipiki kwenda shule. Alilivaa lori kwa nyuma. Mguu wake wa kulia ulivunjika mahali pawili, na mbavu pia. Wanaume walimbeba juu ya mlango waliong'oa nyumbani kwetu, naye, mtu mzima yule, akimwita mama yake njia nzima. Sauti hiyo sijaisahau.

Polisi walikuja, wakapima barabara, wakamuuliza Mwadime alama yake iko wapi. Akasema, "Niliweka majani, afande." Jani halikuonekana hata moja. Watu wakacheka, wakasema majani ya Mwadime yana miguu. Akashtakiwa kwa kuacha gari mahali pa hatari bila alama na kumjeruhi mtu. Leseni ikachukuliwa, na kila mtu akasema safari hii jela inamngoja.

Nami nilinyamaza. Msinitazame hivyo, nilikuwa mwoga. Mke wa Mwadime alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani aliyaona majani. Kwetu alisimama kando ya zizi, na vijiti vya matawi yale, vimegugunwa maganda yote, vilikuwa miguuni pake. Nikamwambia sikuona kitu. Akanishukuru, akaenda. Kushukuriwa kule kuliniuma kuliko kutukanwa.

Siku ya kesi niliviokota vijiti vile nikavifunga kwenye leso, nikateremka mahakamani kwa miguu. Hakimu alipouliza kama kuna shahidi mwingine, nikasimama.

"Mheshimiwa, majani yalikuwepo," nikasema. "Mbuzi wangu aliyala."

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Hakimu hakucheka. Nikaifungua leso mezani pake, naye akakitazama kijiti kimoja kimoja. Kila kimoja kilikuwa kimekatwa kwa panga upande mmoja.

"Ulijua majani ya barabarani huwekwa kwa nini?" akaniuliza.

"Nilijua, mheshimiwa."

"Mbona hukuchungulia nyuma ya kona?"

"Nilimfikiria mbuzi peke yake."

Hapo Mwalimu Righa, aliyekuwa amekaa na magongo yake, akaomba ruhusa. "Mheshimiwa, na mimi nilikuwa nimechelewa, nikikimbiza pikipiki ndani ya ukungu. Jambo hilo sikulisema kwa polisi."

Kicheko kilikwisha. Hakimu akamwonya Mwadime kwamba sheria inadai alama nyekundu inayong'aa, si matawi, akamfutia mashtaka na kumrudishia leseni. Mwalimu akaambiwa mwendo ule ulikuwa wake, asimtwike mwingine. Mimi akaniita mbele kabisa.

"Binti," akasema, "jani la barabarani si la mbuzi. Lina mwenyewe, hata kama humwoni."

Maneno hayo yalifika kijijini kabla yangu. Nilitaniwa mpaka nikachoka. Nilimtekea maji mke wa mwalimu siku zote ambazo mume wake hakuweza kutembea bila magongo, na kila nilipomwona akichechemea kwenda shule, nilijua sehemu ya kile kilema ni yangu. Aliniitikia salamu siku zote. Kunisamehe kwa maneno hakunisamehe, nami sikumdai.

Mwadime naye? Jumamosi iliyofuata baada ya kesi nikasikia honi, mara mbili. Subira ikapunguza mwendo mbele ya nyumba, na mzigo mkubwa wa majani ukaanguka kutoka juu.

"Wakesho!" akaniita kwa kelele dirishani. "Haya ndiyo ya mbuzi!"

Alifanya hivyo miaka na miaka, hata baada ya mbuzi yule kufa na wajukuu wake kufa. Siku tulipomzika Mwadime nililia kama mtoto.

Mwezi uliopita nilipita kwenye kona ile nikakuta matawi mabichi barabarani. Nilijikongoja na fimbo yangu mpaka ng'ambo ya kona. Gari halikuwepo, lilikuwa limeshaondoka. Hata hivyo sikuyaokota mpaka nilipoona kwa macho yangu.

Vile vijiti vya mama yenu vilikuwa vinaonyesha alipopanda mbegu. Nendeni mkavirudishe, kila kimoja mahali pake. Jani la barabarani si la mbuzi.