Nani Atampa Jina Binti wa Ambakisye?

Nisikilizeni vizuri, maana nikimaliza nitawauliza.

Katika chuo kimoja cha ualimu huko Tukuyu walikuwako marafiki watatu. Lugano hakuwa na woga. Asagwile alizijua nyaya kama vidole vyake. Subilaga alijua amri zinazoandikwa kwenye skrini nyeusi. Alifundishwa na mwalimu Ambakisye, aliyekuja kufia mezani kwake ndani ya chumba cha kompyuta.

Kompyuta za chumba kile hazikuwa na diski. Ili ziwake, ziliita mashine kuu kupitia waya, nayo ikaziletea kila kitu. Tangu msiba, umeme wa chumba ulikatwa na mlango ukafungwa. Hata hivyo, waliopita koridoni walisikia feni ikinguruma ndani.

Siku moja mjane wa mwalimu, Tusekile, akawajia marafiki hao amebeba binti yake mchanga.

"Jamani, nasikia kesho mashine zinatupwa. Sauti ya mume wangu imo humo. Nataka mtoto aisikie, hata mara moja."

Wakarudisha umeme. Lugano akaingia wa kwanza; Tusekile akabaki mlangoni, mtoto akilia. Swichi ya mashine kuu ilikuwa mbovu, sharti mtu aishikilie. Akaishikilia. Pumzi ya baridi ikampiga shingoni.

"Nani yuko nyuma yangu?"

"Hakuna mtu," akajibu Asagwile.

Lugano hakuiachia swichi.

Asagwile akatambaa chini ya meza. Panya walikuwa wameutafuna waya. Akaukata, akauunga upya, huku kitu kikimpapasa mgongoni.

Subilaga akaketi kwenye kiti cha marehemu. Akaandika amri ya kuita mashine kuu. Kimya. Akaandika tena. Skrini zote zikawaka kwa pamoja, hata zile ambazo hakuziamuru.

Wakaitafuta sauti, wakaifungua.

"Tusekile, funga mlango taratibu. Utamwamsha binti yetu."

Mtoto akaacha kulia. Tusekile akakaa sakafuni.

"Alipokufa," akanong'ona, "nilikuwa sijamwambia kwamba nina mimba."

Kisha mjane akafuta machozi.

"Mwanangu hana jina. Baba yake ndiye angempa. Sasa atampa yule aliyeniletea sauti hii, naye atakuwa baba au mama yake wa pili. Ni nani kati yenu?"

"Ningeachia swichi, msingesikia kitu," akasema Lugano.

"Na bila waya wangu?" akauliza Asagwile.

Subilaga akasema polepole, "Lakini mimi ndiye niliyemwita."

Haya, mjane anangoja. Nyinyi mngemkabidhi nani mtoto huyu ampe jina?