Asante ya Chiku

Mzee Ndahani, mwenye kisima pekee kijijini, alichoka kuambiwa "asante" kavu. Akatangaza kwamba kila ndoo ni "asante sana", na asiyesema hivyo, maji yake yatamwagwa. Wa kwanza kumwagiwa maji yake alikuwa Chiku, aliyeacha watoto watatu nyumbani wakisubiri uji.

"Nisamehe, Mzee," Chiku akasema. "Na zile ndoo za miaka yote, nilizokushukuru bila 'sana'?"

"Hizo nazo nazitaka!"

"Basi nitazisema leo, moja moja. Ila shukrani haikatizwi, Mzee. Mtu asichote mpaka nimalize."

"Hata mimi sichoti!" Mzee akaapa mbele ya wote, akajiweka vizuri kwenye kigoda.

Chiku akapiga magoti. "Asante sana ya Jumatatu. Asante sana ya Jumanne..."

Jua la utosi likafika. Ng'ombe mia wa Mzee wakarudi kutoka malishoni, wakakuta birika tupu, wakaanza kulia kwa kiu.

"Inatosha, Chiku!"

"Bado, Mzee wangu. Ndiyo kwanza naingia mwaka wa pili, na nimeolewa hapa miaka tisa."

Fahali mmoja akaanza kumlamba Mzee jasho la upara.

"Choteni! Choteni wote! Na atakayenishukuru tena, namwaga maji yake!"

Chiku akajaza ndoo, akajitwika, akaenda zake kimya.