Bi Digidigi na Mihogo ya Ng'ambo Zote

Paukwa!

Pakawa!

Wa huko nyuma mnatafuna tu, hamwitiki. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa wakilima, na desturi yao ilikuwa hii: unapanda pingili zako za mhogo katika shamba la mwenzako, yeye anazitunza, siku ya kuvuna mnagawana.

Palikuwa na Bi Digidigi na mumewe. Wapenzi hao! Akienda huyu, yule yuko nyuma, tiki-tiki-tiki. Kiangazi kilichopita walipata mtoto. Chakula kikawaishia, maziwa yakakauka, mtoto akafa. Sasa Bi Digidigi alikuwa na mimba nyingine, na alikuwa akiogopa, jamani, akiogopa sana.

Wanyama wote walikimbilia kupanda kwa Nguruwe, maana mihogo yake ya mwaka jana ilikuwa minene kama yeye mwenyewe. Bi Digidigi akapanda kidogo kwa Nguruwe, kidogo kwa Nungunungu, kidogo kwa Fungo. Akavuka mto, akapanda kidogo katika kila shamba la ng'ambo.

"Mke wangu, wale hatuwajui hata majina!"

"Mhogo unauliza jina? Mimi sijui shamba lipi litazaa, bwana. Wewe wajua?"

Mume akakuna sikio. Akabeba pingili, akamfuata.

Mvua ikaja, shaaa! Shamba la Nguruwe likajaa maji. Tumbili, aliyekuwa akivusha mizigo mtoni kwa ujira, akapanda mtini. "Ng'oeni! Hamieni ng'ambo!" Wakang'oa. Tumbili akawavushia mizigo, na katika kila mzigo akajichukulia ujira wake. Nzige wakashuka ng'ambo, vuuu! Majani yakaisha. "Ng'oeni! Rudini!" Wakang'oa tena. Tumbili akajichukulia tena. Na yeye shamba alikuwa nalo? Hana!

"Na sisi tung'oe, mke wangu, tutakufa njaa!"

Bi Digidigi akashika shina. Akamkumbuka yule mtoto, akalia. Kisha akaliachia.

"Mhogo hunenepa ukiachwa, mume wangu. Twende nyumbani ukanikande miguu."

Kiangazi kikaingia. Waliohamahama wakachimba, wakakuta vimizizi kama mikia ya panya. Bi Digidigi naye akachimba. Kwa Nguruwe, imeoza yote. Kwa Nungunungu na Fungo, ya kiasi. Ng'ambo, mashina yaliyoliwa na nzige yalikuwa yamechipua upya, na chini yake, lo! Mume akavuta, akavuta, akaanguka chali, pu! Mhogo kifuani.

Mtoto akazaliwa jua likiwa kali. Akanyonya, nyo, nyo, nyo, maziwa yakamtiririka kidevuni. Baba yake akasimama pale, huku analia, huku anacheka.

"Hebu nyamaza, bwana," akasema Bi Digidigi, "ukapande pingili nyingine."

"Nipande wapi?"

"Kote."

Basi wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya mmesinzia: asiyejua shamba litakalozaa na apande kote, kwao na ng'ambo, kisha auache mhogo ukae ardhini. Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka zaidi akalime.